Mbele ya Kununua Betri

Bijana, baba mumoja wa kwetu aliuza mbuzi wawili, akanunua betri mpya ya trakta. Motere ikaendelea kulia "tak" tu! Kumbe vichwa vya betri vilijaa unga mweupe.

Uwashe taa, halafu ujaribu kuwasha motere. Taa ikififia, zima yote. Fungua kwanza waya wa alama –, osha vichwa na maji ya moto, kwangua, kaza. Usisahau waya unaoshikana na chuma cha trakta. Pale kutu hujificha.

Lakini motere ikizunguka vizuri bila moshi, mazutu haifiki. Kama tanki ilikauka, hewa imeingia. Legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mazutu itoke bila povu, ndipo ufunge.