Kibao bila daftari ni bati tu

Kila baada ya miaka michache Nairobi hupata vibao vipya vya majina ya barabara. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, hotuba inasomwa. Baada ya muda nguzo imepindwa na lori, kibao kimoja kimebandikwa tangazo la mganga, kingine kimeshauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kisha tunaambiwa kuna zabuni nyingine.

Mimi nasema tatizo si vibao. Tatizo ni kwamba tunanunua vibao kabla ya kuwa na orodha ya barabara. Mpaka tuache mtindo huo, kila shilingi tunayoichimbia kando ya barabara tumeizika.

Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Naandika programu. Programu ina data na ina skrini. Data ndiyo yenye ukweli, skrini inaonyesha tu. Ukinunua skrini kubwa ya kung'aa na nyuma yake hakuna data, umenunua taa. Kibao cha barabara ni skrini. Kazi yake ni kuonyesha kitu kilichoandikwa mahali fulani: barabara hii inaitwa hivi, inaanzia hapa, inaishia pale, ilipewa jina siku fulani. Sasa, mahali hapo ni wapi? Nimetafuta faili moja lenye kila barabara ya Nairobi, kamili, na lililo wazi kwa mwananchi yeyote. Sijalipata. Kama unalo, tafadhali nitumie, nitakununulia chai na mandazi.

Tazama matokeo yake.

Mwaka 2021 Dik Dik Gardens kule Kileleshwa ilipewa jina la Francis Atwoli, yule mkuu wa COTU. Kibao kikawekwa, kikaangushwa, hata kikachomwa moto. Nchi nzima ikabishana kama mzee anastahili barabara au hastahili. Sikusikia mtu akiuliza swali la karani: wanaoishi pale wataandika anwani gani kesho asubuhi? Dereva wa ambulensi ameambiwa? Ramani zimebadilishwa na nani? Tulipigania bati, daftari hatukuliuliza.

Mwaka 2016 Forest Road ikawa barabara ya Profesa Wangari Maathai. Jina safi kabisa, sina ubishi. Lakini panda matatu leo, bado utasikia Forest Road. Na si kwamba Wakenya tunashindwa kubadilisha majina. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street, Donholm Road ikawa Jogoo Road, na leo ni wazee tu wanaoyakumbuka yale ya zamani. Jina hushika likitumika kila mahali: kwenye barua, kwenye hati, kwenye ramani, kwenye mdomo wa makanga. Kibao peke yake hakiwezi kulishikisha.

Halafu kuna tahajia. Yule wakili Mwingereza aliyemtetea Kenyatta katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwaka 1952 aliitwa Denis Pritt, n moja. Barabara yake huandikwa Dennis, n mbili. Argwings Kodhek huandikwa kwa kistari, huandikwa bila kistari. Kwa binadamu hayo si kitu. Kwa kompyuta ni barabara tofauti. Ongeza Road, Rd na "Barabara ya", na barabara moja imezaa watoto sita. Tena Parklands kuna First Avenue na Eastleigh kuna First Avenue. Piga simu ukisema moto unawaka First Avenue, halafu simu ikatike. Zimamoto waende wapi?

Wengine watasema haya ni matatizo ya watu wa kompyuta. La hasha. Ukiandika programu ya kupokea oda, unaweka nafasi ya "barabara" na nafasi ya "nambari ya nyumba". Nafasi hizo mbili hurudi tupu. Watu hujaza kila kitu kwenye "maelezo mengine": shuka steji ya mwisho, pita kanisa la mabati, uliza kwa mama wa mboga, geti nyeusi. Halafu mtu wa bodaboda anapiga simu mara tatu, kwa kredo yake mwenyewe, akizunguka kwa petroli yake mwenyewe. Gharama ya jiji kukosa anwani haionekani kwenye bajeti yoyote, kwa sababu inalipwa na kijana wa bodaboda.

Kwa nini tumeishi hivi muda mrefu? Nadhani ni kwa sababu ya sanduku la posta. Barua zetu tangu zamani haziendi mlangoni, zinaenda kwenye sanduku, na sisi tunazifuata. Nchi ikaweza kujiendesha bila nambari za nyumba. Lakini leo mizigo inakuja mlangoni, daktari anakuja mlangoni, polisi anatakiwa aje mlangoni. Sanduku halikuokoi usiku wa manane.

Najua majibu yanayokuja. Acha niyajibu mapema.

"Tuna ramani kwenye simu, vibao vya nini?" Ramani hizo zinatoa majina wapi? Zinaokota. Anayechora OpenStreetMap anatembea na kusoma vibao, na kibao kikiwa na makosa ramani inarithi makosa. Pini kwenye simu inaonyesha nukta, haisemi ni geti gani, ghorofa gani, mlango gani. Na pini inamfaa mwenye simu yenye chaji na bando. Nyanya yako aliyeanguka bafuni hatumi pini. Anataka kusema maneno matatu kwa simu ya kawaida na aeleweke.

"Vibao vitaibiwa." Kweli. Wizi wa vyuma ulifika mahali ambapo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa. Basi nani alisema kibao lazima kiwe cha chuma juu ya nguzo? Paris huweka majina ya barabara kwenye kuta za majengo ya kona. Sisi tuna kuta, na tuna wachoraji ambao wamepamba matatu mpaka watalii wanazipiga picha. Mpe mchoraji rangi, kiolezo na orodha, atamaliza mtaa mzima kwa siku chache. Hakuna mtu atakayeiba ukuta.

"Mitaa ya mabanda haiwezekani." Mwaka 2009 vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS wakaichora Kibera yao katika mradi wa Map Kibera, mahali ambapo kwenye ramani palikuwa kama pori. Kama iliwezekana Kibera, usiniambie Umoja au Pipeline haiwezekani.

"Hakuna nchi ya huku imefanya hivyo." Vuka Namanga. Mwaka 2022 Tanzania ilifanya operesheni ya Anwani za Makazi kabla ya sensa yake ya Agosti. Taarifa za nyumba na barabara zilikusanywa, nyumba zikapewa nambari, na vibao vikaingia katika kazi hiyo hiyo. Sisemi kila kibao kule kimesimama wima. Nasema walielewa kwamba jina, nambari na kibao ni kazi moja.

Kwetu kazi hiyo imegawanywa vipande. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti barabara za kaunti. KURA, iliyoundwa na sheria ya 2007, ina zake mjini. Barabara kuu kama Mombasa Road na Thika Road ziko chini ya KeNHA. Pale barabara ya mmoja inapokutana na ya mwingine, kibao cha kona ni cha nani? Kila mmoja anaweza kukuonyesha mwenzake. Hakuna nguzo inayotibu hilo. Daftari moja la pamoja linatibu.

Kwa hivyo, badala ya zabuni nyingine ya mabati, nataka hivi, na kwa mpangilio huu:

1. Orodha moja ya barabara zote za jiji, kila moja ikiwa na nambari isiyobadilika. Mheshimiwa aje, mheshimiwa aende, jina libadilike mara kumi, nambari ni ile ile na majina ya zamani yanabaki kwenye rekodi.

2. Orodha iwe wazi. Polisi, zimamoto, mwanafunzi, mwenye kampuni ya mizigo, kila mtu aipakue bure.

3. Tahajia moja kwa kila jina, na jina moja lisirudiwe mitaa miwili.

4. Nambari za nyumba zije pamoja na majina. Kuniambia uko Ngong Road ni sawa na kuniambia uko Nairobi.

5. Kila kibao kiwe na mstari wake: kiko kona gani, kiliwekwa lini, kinatunzwa na nani. Kikianguka ijulikane kimeanguka.

6. Kibao chenyewe kije mwisho. Kisomeke usiku, kitazame pande zote za kona, kirudiwe kila njia panda. Kikiwa na tangazo la biashara kubwa kuliko jina la barabara, hicho si kibao cha barabara.

Na kazi ianzie Eastlands. Kileleshwa na Lavington wana walinzi getini wa kukuelekeza. Anayeishi chumba cha ghorofa ya sita pale Pipeline, katikati ya majengo yanayofanana kama matofali, ndiye asiye na namna ya kusema yuko wapi. Mke wake akishikwa na uchungu saa nane usiku, anashuka ngazi, anakimbia hadi lami, anasimama pale akipunga mkono gizani ili ambulensi imwone. Yeye ndiye kibao.

Hatuhitaji mhandisi kutoka ng'ambo kwa haya. Tunahitaji vijana wenye simu, jedwali moja na mtu mmoja ofisini mwenye mamlaka ya kusema "hili ndilo jina". Jedwali si kitu cha kukatia utepe, najua, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Basi safari nyingine utakapoona mheshimiwa amesimama kando ya nguzo mpya akitabasamu, usimuulize barabara imepewa jina la nani. Muulize orodha iko wapi.