Wajane Kwanza, Vipaza Sauti Baadaye

Twaambiwa Kanisa hukuzwa na mikutano ya hadhara. Tunakataa. Kanisa changa la Yerusalemu lilibatiza watu wapatao 3,000 siku ya Pentekoste, kiangazi kilipoanza. Lakini Matendo ya Mitume, sura ya 6, yaonyesha lilipotikisika: wajane waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa chakula. Mitume hawakukimbilia umati mpya. Waliweka watu saba, Stefano miongoni mwao, wahudumie meza; ndipo wanafunzi wakazidi kuongezeka.

Nasi je? Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976, tumezigeuza vituo vya michango (risiti hatukawii kuandika!). Mjane asiyelipa zaka anyimwe mazishi? Kwa Injili ipi?