Mgeni Mlangoni mwa Msikiti



Wasomaji wetu wapendwa, wiki hii twawachukua hadi Maskati, mji uliojulikana na mababu zetu tangu zama za majahazi, walipokuja watu wa huko kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Hatuendi kutazama majumba wala maduka. Twataka kumfuata mgeni asiye Mwislamu anayesimama kwenye lango la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, tuone anafunzwa nini, na nani.

Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 2001. Kila siku isipokuwa Ijumaa, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, wasio Waislamu huruhusiwa kuingia. Somo la kwanza huwa langoni: mavazi yafunike mikono na miguu, na mwanamke ajitande kichwani. Asiyetimiza sharti hapiti, lakini huelezwa kwa upole. Kisha huvua viatu na kuona zulia moja lililotandaa ukumbini, lenye uzito wa tani 21, lililofumwa Iran na wanawake 600 kwa muda wa miaka minne. Mgeni hupiga picha, na ni haki yake kustaajabu.

Hata hivyo, zulia halimwambii mtu kwa nini Mwislamu husujudu. Hilo mgeni hulipata kando ya ukumbi, katika kituo cha maelezo ya Uislamu, ambako watu wa kujitolea humkaribisha kwa tende na kahawa yenye iliki. Hapo huuliza atakalo: kuhusu hijabu, ndoa, Nabii Isa, vita na amani. Hajibiwi kwa hasira, wala halazimishwi lolote. Hujifunza pia adabu ya wenyeji: kikombe hupokewa kwa mkono wa kulia, nacho hujazwa tena na tena mpaka mnywaji akitikise kidogo kuonyesha kwamba ametosheka.

Akiteremka hadi soko la Matrah, atanusa ubani wa Dhofar na kuona kofia zilizodariziwa kwa mkono, ndugu wa kofia zetu za Lamu na Unguja. Pengine atasikia wazee wakiamkiana kwa Kiswahili, kwani Waomani wengi walizaliwa au kulelewa upande huu wa bahari. Hapo atatambua kuwa Uislamu ni mmoja, ilhali mavazi, vyakula na lugha za watu wake ni nyingi.

Je, haya ni mambo mapya? La. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Thumama bin Uthal, mkuu wa Banu Hanifa, alipotekwa alifungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Kwa siku tatu aliishi mle akiwaona Waislamu wakiswali na kuamiliana. Mtume alipoamuru afunguliwe, alikuwa huru kwenda zake. Alikwenda, akaoga, kisha akarudi kwa hiari yake na kutamka shahada. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, nao wameruhusu asiye Mwislamu kuingia msikitini kwa idhini ya Waislamu, isipokuwa katika Haram ya Makka.

Sasa tujitazame. Mombasa, Malindi na Lamu hazikosi wageni. Na zaidi ya watalii, tuna majirani ambao kwa miaka mingi wameisikia adhana alfajiri bila ya mtu kuwaeleza maana ya maneno yake. Jirani huyo asipoelezwa na sisi, ataelezwa na wengine, nao huenda wasimweleze kwa haki. Kisha watoto wake na wetu watakaa darasa moja wakiogopana.

Kituo chenye wafanyakazi si lazima. Kila nyumba yaweza kuanza na machache. Tuwafunze watoto kujibu kwa ufasaha kwa nini twafunga na kwa nini twaswali, si kusema tu kwamba ndivyo tulivyokuta. Mgeni akija mtaani na vazi lisilofaa, apewe leso kabla ya kukaripiwa. Na Ramadhani ijapo, jirani asiye Mwislamu apelekewe sahani ya futari, au aalikwe kuketi nasi.

Surat al-Hujurat, katika aya ya 13, yatukumbusha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana huanza kwa mlango kufunguliwa, na wahenga walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye tabia zetu kuwa maelezo mema ya dini yetu. Wabillahi tawfiq.