"Mfumo uko chini": si kila mara kosa ni la mtandao

Mama ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Anafika dirishani anaambiwa, "Subiri kidogo mama, mfumo uko chini." Wengi wetu hapa Tabora tumeshaisikia kauli hiyo: hospitalini, benki, ofisi za serikali, hata kwa wakala wa pesa za simu. Na wasikilizaji wanaotupigia studio wengi huulaumu mtandao. Minara ina makosa yake, hatukatai. Lakini ipo sababu nyingine isiyoonekana, nayo ndiyo tunayoieleza leo: wakati mwingine programu inagoma kwa sababu vipande vilivyomo ndani yake havielewani.

Tuanze na baiskeli. Fundi yeyote pale Kitete atakwambia kwamba ukifunga cheni mpya kwenye friwili iliyolika, cheni itaruka meno. Cheni si mbovu, imetoka dukani leo. Friwili nayo jana ilikuwa inatembea. Tatizo limezaliwa pale vilipokutana.

Programu ya kompyuta au ya simu iko vivyo hivyo. Hakuna mtaalamu anayeiandika yote kuanzia mwanzo. Anachukua kipande cha kuonesha tarehe, kingine cha kuchora ramani, kingine cha kufunga siri za mteja. Vipande hivyo vinahifadhiwa kwenye maghala ya intaneti, na watu wa dunia nzima wanavichota humo, vingi bila malipo. Kila kipande kina lebo yake: mimi ni toleo la ngapi, na ili nifanye kazi namhitaji fulani wa toleo fulani. Huyo fulani naye ana anaowahitaji. Ukifuatilia lebo moja unaweza kujikuta na vipande mia kadhaa ambavyo hukuvichagua mwenyewe.

Mgongano unakuja hivi. Kipande cha ramani kinasema kinataka kipande cha tatu cha toleo la 2. Kipande cha siri kinasema hichohicho kinakitaka, ila cha toleo la 1 tu. Mara nyingi nafasi ni ya mmoja. Kabla ya kutoa toleo jipya, wataalamu wanapaswa kuamua: wamngoje aliyechelewa, wamrudishe nyuma aliyetangulia, watafute kipande kingine badala yake, au wakirekebishe wenyewe na kubeba mzigo wa kukitunza. Kazi hiyo huchukua siku au wiki, na hakuna anayeiona. Ikirukwa, ndipo wewe unapoiona, dirishani.

Mfano ulio karibu nasi ni taarifa za afya. Ukienda zahanati, muuguzi anakuandika kwenye kitabu cha MTUHA. Hesabu za vitabu hivyo, yaani watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria, wagonjwa wa malaria, hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Wizara ya Afya inautumia nchi nzima, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa na mkono mkubwa katika kuufaa kwa mazingira yetu. Programu yenyewe inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ni ya bure, na nchi nyingi za Afrika na Asia zinaitumia.

Sasa angalia mnyororo ulivyo mrefu. DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Kwenye programu nyingi za Java kuna kipande kidogo kinachoitwa Log4j. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti mwenye daftari: nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini. Desemba 2021 dunia ikagundua kwamba mlinzi huyo ana kasoro. Ukimpa maneno fulani ayaandike, hayaandiki tu, anayatii kama amri. Mtu aliye mbali angeweza kumtuma afungue mlango.

Waliokuwa wakikitunza kipande hicho, chini ya shirika la Apache, walikuwa watu wachache, wengi wakijitolea baada ya saa zao za ajira. Walitoa toleo la kurekebisha. Likaonekana halikuziba lote, wakatoa la pili, kisha la tatu, na kabla mwezi haujaisha, la nne. Kila walipotoa, maelfu ya programu zilizokitegemea zililazimika kupangwa upya. DHIS2 nayo ilikuwamo, na wataalamu wake wa Oslo walitoa marekebisho ya dharura mwezi huohuo.

Lakini marekebisho hayawafikii wote. Waundaji wa DHIS2 hutunza matoleo machache ya karibuni, kwa kawaida matatu. Nchi au taasisi iliyobaki nyuma sana haipati dawa hiyo moja kwa moja. Inabidi kwanza ihamie toleo linaloendelea kutunzwa, na safari hiyo ina migongano yake: seva kuukuu, ripoti zilizotengenezwa hapa nyumbani, simu za wahudumu ambazo programu mpya haizikubali. Aliyeahirisha kusasisha miaka mitano hulipa deni lote siku moja, tena siku ya hatari.

Je, basi tukimbilie kila kipya? Hapana. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi wa kompyuta, ilituma sasisho lenye kosa. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilizima. Ndege ziliahirishwa na hospitali za nchi tajiri zikarudi kwenye karatasi. Sasisho lilitumwa kwa wateja kwa mkupuo, badala ya kuanza na wachache na kuangalia.

Tabora tunalijua somo hili kuliko wengi. Misafara ya kale kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa, ikaajiri wapagazi wapya na kupanga mizigo upya kabla ya kuendelea. Aliyeondoka bila kukagua aligundua upungufu akiwa porini. Kutoa toleo jipya la mfumo wa umma kunahitaji kituo kama hicho: jaribu kwenye zahanati chache, hifadhi toleo la jana ili uweze kulirudia, halafu ndipo uende nchi nzima.

Kwa maoni yetu, tatizo kubwa si ufundi, ni bajeti. Mfumo mpya huzinduliwa kwa utepe na picha. Kuutunza miaka kumi hakuna utepe. Mradi wa mfadhili unapoisha, vijana waliojua migongano yake huondoka na elimu yao. Kwa hiyo diwani, mbunge au mkurugenzi akija kutangaza mfumo mpya, tumuulize maswali matatu. Fedha za kuutunza zimetengwa wapi baada ya mwaka wa kwanza? Umejaribiwa kwenye vituo gani vya vijijini, vyenye umeme na mtandao wa kijijini? Na ukizima, mama atahudumiwa kwa utaratibu upi wa karatasi? Swali la tatu lina haraka kuliko yote, kwa sababu homa ya mtoto haisubiri.

Na simu yako wewe? Kanuni ni ileile. Ukiambiwa programu haiendani na kifaa chako, mara nyingi maana yake Android ya simu hiyo ni ya zamani kuliko inavyotakiwa, na bando jipya halitasaidia. Nenda kwenye mipangilio, uangalie kama kuna sasisho la simu. Kama halipo, usikubali faili la programu linalorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ati "linafanya kazi simu zote". Hilo ni ghala lisilo na mlinzi, na pesa zako ziko kwenye simu hiyohiyo. Pakua kutoka Play Store, na kama programu ya malipo imegoma, tumia menyu ya namba za nyota na reli, ambayo haihitaji intaneti.

Siku nyingine ukiambiwa mfumo uko chini, uliza kwa upole: "Umezimwa na nini, na mnatuhudumiaje kwa sasa?" Una haki ya kujibiwa yote mawili.