"Hujasaini chochote"

Mhariri,

Mlinzi wa ghala moja huku Temeke kaachishwa kazi bila kosa, na alipodai chake bosi akamjibu, "Nenda popote, hujasaini chochote." Kauli hiyo inawatisha wengi bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi. Shauri likifika mbele naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ajabu mwenye kosa ndiye anayetamba!

Mlinzi huyu ana ujumbe wa simu wa mshahara wa kila mwezi, na jina lake limo kwenye daftari la zamu lililolowa chai. Pa kuanzia papo. Adai notisi, malipo ya likizo ambayo hakwenda, na kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kwa miaka isiyozidi 10.

Kinachoua madai ni "njoo wiki ijayo". Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, siku 60. Mabosi wanaijua hesabu hiyo. Kwa nini ofisi za kata zisiibandike ukutani, kando ya matangazo ya chanjo?

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam