Kwa Miguu Katika Jiji Lililojengwa Ziwani

Mwezi huu tunawaomba mvae viatu vya kutembelea, kwa maana tunawachukua mbali kidogo. Mwezi Machi 2025 tulikuwa wanawake wanne kutoka Dar es Salaam katika Jiji la Meksiko, kwenye mkutano wa akina mama wa makanisa. Mkutano ulikwisha Ijumaa, na ndege yetu ilikuwa ya Jumapili. Basi Jumamosi yote ilikuwa yetu. Fedha za kukodi gari la watalii hatukuwa nazo, lakini miguu tulikuwa nayo. Tukaamua kutembea.

Kati yetu alikuwapo mama mzee wa miaka 67 ambaye goti humsumbua, na mwenzetu mwingine ambaye ni fundi cherehani. Huyu fundi ana wasichana watano wanaoshona kwake barazani. Wiki moja kabla ya safari alikuwa amelipa malipo ya kwanza ya kiwanja kilichoko bondeni, kando ya kijito, ili ajenge chumba kikubwa cha kushonea. Bei ilikuwa nafuu mno. Muuzaji alimhakikishia kwamba maji hayajafika pale kwa miaka mingi. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu lilirudi mara kwa mara katika mazungumzo yetu siku ile.

Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa Kimeksiko anayejua Kiingereza, alikuja kutuchukua saa mbili asubuhi. Somo la kwanza lilikuwa kwenda polepole. Jiji hili liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na sisi watu wa pwani tulianza kuhema baada ya hatua chache. Tukakubaliana kwamba mwendo wa mama mzee ndio utakaokuwa mwendo wa wote.

Kanisa lenye timazi

Tulianzia uwanja mkuu unaoitwa Zócalo, maana yake kitako cha mnara. Mwaka 1843 kiliwekwa kitako pale ili juu yake usimamishwe mnara wa uhuru. Mnara haukujengwa, kitako kikabaki peke yake, na watu wakauita uwanja wote kwa jina hilo. Tulicheka, maana hata kwetu iko misingi mingi inayosubiri nyumba.

Upande mmoja wa uwanja ni Ikulu. Tulisimama mbele yake kitambo, kwani tangu Oktoba 2024 rais wa nchi hiyo ni mwanamke, Claudia Sheinbaum, wa kwanza katika historia yake. Upande mwingine ni Kanisa Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1573 na kukamilika mwaka 1813. Miaka 240! Mama mzee akasema, "Na sisi tunanung'unika eti kanisa letu limechukua miaka kumi na miwili kuezekwa."

Ndani ya kanisa hilo tuliona kitu ambacho hatujakiona katika kanisa lingine lolote. Kutoka juu kabisa, kwenye kuba, imening'inizwa timazi, kama ile ya fundi mwashi lakini ndefu ajabu. Iko pale kuonyesha jinsi jengo lilivyoinama. Mwalimu akatueleza sababu.

Karne ya 14 Waazteki walijenga mji wao, Tenochtitlan, kisiwani katika Ziwa Texcoco. Walisafiri kwa mitumbwi na kwa barabara za tuta zilizokatiza majini. Wahispania waliuteka mji huo mwaka 1521, wakajenga wa kwao juu ya magofu yake. Kwa kuwa mafuriko yaliwasumbua, katika karne zilizofuata ziwa lilikaushwa. Maji yalikwenda, lakini udongo wa ziwa ulibaki: mfinyanzi laini uliojaa maji. Leo mamilioni ya wakazi wanahitaji maji ya kunywa na kufulia, na sehemu kubwa ya maji hayo huvutwa kwa pampu kutoka chini ya jiji lenyewe. Kadiri yanavyovutwa, ndivyo udongo unavyojibana, na jiji linashuka. Ziko sehemu zinazoshuka kwa sentimita 40 hivi kila mwaka. Tena hazishuki sawasawa, ndiyo maana kuta hupasuka na majengo huinama.

Katika miaka ya 1990 mafundi walilishughulikia Kanisa Kuu kwa njia iliyotushangaza. Walichimba udongo kidogo kidogo chini ya upande uliobaki juu, ili nao ushuke ukaribiane na mwingine. Hawakuweza kuliinua kanisa. Walichoweza ni kulifanya lizame kwa usawa.

Fundi wetu aliitazama ile timazi kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ziwa bado lipo?" Mwalimu akajibu, "Tulilifunika tu."

Hatua chache nyuma ya kanisa ndipo yalipo magofu ya Templo Mayor, hekalu kuu la Waazteki. Hilo nalo lilikuwa limefunikwa. Tarehe 21 Februari 1978, mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba mtaro walikutana na jiwe la duara lililochongwa, lenye upana wa zaidi ya mita 3, lenye sura ya mungu wa kike Coyolxauhqui. Nyumba zilibomolewa, hekalu likafukuliwa katikati ya mji. Unaweza kuyaona mawe yake ukiwa umesimama njiani.

Mahindi ya nyumbani

Saa sita tulikuwa na njaa. Pembeni mwa njia mama mmoja alikuwa akioka vyapati vyembamba vya mahindi juu ya bamba la chuma. Unga wao si kama wetu. Mahindi huchemshwa kwanza pamoja na chokaa, yakalala usiku kucha, kisha yakasagwa yangali mabichi. Mwalimu alituambia kwamba chokaa hulainisha maganda na kuufanya mwili upate faida zaidi ya mahindi. Tukala na maharage, nyanya na parachichi, na kila tulichokigusa kilikuwa cha nyumbani. Si ajabu, kwani mahindi tunayosongea ugali asili yake ni nchi hiyo, na parachichi vilevile. Onyo letu ni moja: pilipili uiombe kidogo, kisha uonje kabla ya kuongeza!

Baada ya chakula tulishika barabara ya Madero, ambayo tangu mwaka 2010 haipitishi magari. Hapo akina mama husukuma watoto katika vigari bila hofu. Tuliingia kanisa la Mtakatifu Fransisko, na ili kuingia tulishuka ngazi, kwa sababu sakafu yake iko chini kuliko barabara. Mbele kidogo liko ghorofa refu la Torre Latinoamericana, lililofunguliwa mwaka 1956. Hilo limepita salama katika matetemeko ya mwaka 1957, 1985 na 2017. Siri yake iko chini. Kabla ya kulijenga, wahandisi waliuchunguza kwanza udongo, kisha wakashindilia nguzo zaidi ya mita 30 kwenda chini, hadi zikafikia tabaka gumu. Hapo fundi wetu alitoa kijitabu chake cha vipimo vya wateja akaandika kitu. Hatukumwuliza.

Tulipumzika katika bustani ya Alameda, iliyoanzishwa mwaka 1592. Mijakaranda ilikuwa imechanua zambarau tupu, kama ile tunayoiona Arusha na Nairobi. Mama mzee alivua viatu akakanyaga maua.

Uwanja wa Mshikamano

Mwisho wa bustani, upande wa magharibi, kuna uwanja mdogo ambapo wazee hucheza sataranji. Unaitwa Plaza de la Solidaridad, yaani Uwanja wa Mshikamano. Zamani ilikuwa hoteli. Tarehe 19 Septemba 1985, saa 1:19 asubuhi, ardhi ilitetemeka. Kitovu cha tetemeko kilikuwa pwani ya Pasifiki, umbali wa zaidi ya kilomita 300, lakini mfinyanzi wa lile ziwa la kale ulitikisika kuliko udongo mgumu. Hoteli ile ilianguka. Maelfu ya watu walikufa mjini.

Mwalimu alikuwa kijana wakati huo. Alituambia kwamba kusini mwa Zócalo, mtaa wa San Antonio Abad, palikuwa na viwanda vya nguo katika majengo ya ghorofa, yenye mashine nzito na marobota ya vitambaa. Mamia ya washonaji wanawake walifia humo. Walionusurika walisimulia kwamba wako wenye viwanda waliohangaikia kutoa mashine na makasha ya fedha kabla ya miili ya watu. Wanawake wale hawakunyamaza. Walikaa mbele ya vifusi wakidai wenzao na haki zao, na mwaka huohuo wakaunda chama chao cha wafanyakazi, wakakiita kwa tarehe ile, 19 Septemba.

Kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Kisha fundi wetu akasema, "Wasichana wangu ni watano. Mdogo ana miaka kumi na tisa. Mimi ndiye nitakayewaambia waketi pale." Mama mzee hakumhubiria. Alimkumbusha tu mafuriko ya Desemba 2011 kwetu Dar es Salaam, na majirani wa bonde la Msimbazi waliohamishiwa Mabwepande. "Na wao, mwanangu, waliambiwa maji hayaji."

Usiku ule alimpigia simu mumewe. Tunajua habari ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba na ile ya mchangani. Tumeifundisha watoto kwa nyimbo na kwa vidole. Ila tulikuwa hatujawahi kuisikia tukiwa na risiti ya kiwanja mkobani.

Tunapoandika haya, muuzaji amerudisha nusu ya fedha, na nusu nyingine bado anazungushwa. Wasichana watano wanaendelea kushona barazani, wamebanana, na mvua ikinyesha huingiza vyerehani ndani. Kiwanja kingine hakijapatikana. Lakini safari hii amesema hataulizia bei kwanza. Atawauliza majirani wazee, mmoja baada ya mwingine, maji hupita wapi.

Nawe mpendwa msomaji, ukipata siku moja katika mji wa kigeni, tembea. Vaa raba, beba maji, funga mkoba mbele, na umwache mwenye goti bovu aongoze njia. Tuonane mwezi ujao.