Daftari la Wiki: Kofia ya Chuma ya Otranto

Wiki hii nimeshinda na maoni ya watu waliokwisha kufa zamani. Wanagombania The Castle of Otranto, kitabu chembamba cha Kiingereza kinachohesabiwa kuwa mama wa riwaya za Kigothiki, zile za makasri, vivuli na wasichana wanaokimbia gizani. Manfred, mtawala wa Otranto, anamwoza mwanawe Conrad. Siku ya harusi kofia ya chuma kubwa ajabu inaanguka uani na kumponda bwana harusi. Baba mtu hakawii kwenye msiba. Anaona ukoo unakatika, kwa hiyo anamtaka bibi harusi, Isabella, awe mke wake yeye, na huku mkewe Hippolita yu hai na anamwombea dua.

Hapo hatujavuka hata sura ya kwanza.

*

Kilitoka London mkesha wa Krismasi wa 1764, nakala 500. Ukurasa wa mbele ulisema kimefasiriwa na bwana mmoja William Marshal, kutoka Kitaliano cha padri Onuphrio Muralto. Dibaji ikaongeza kwamba kilichapwa Napoli mwaka 1529 na kuja kuonekana katika maktaba ya ukoo wa Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Uongo mtupu. Muralto hakuwahi kuzaliwa, na Marshal vivyo hivyo. Aliyeandika ni Horace Walpole, mbunge, mtoto wa Robert Walpole aliyekuwa waziri mkuu. Nyumbani kwake alikuwa na mtambo wake wa kuchapia, lakini hiki akakipeleka kwa mchapaji wa mjini ili asishukiwe.

Jarida la Critical Review lilishtuka mapema kwamba ukale huu una harufu ya rangi mbichi. Monthly Review likaingia mzimamzima: likakisifu, likasema makosa ya imani za kale yanasameheka kwa mtu wa kale. Nakala zikaisha upesi. Walpole akaona mambo mazuri, na katika toleo la pili la 1765 akajitokeza: ni mimi. Monthly Review hilohilo likabadili uso. Iweje mtu msomi, wa zama za maarifa, arudishe ushirikina wa kishenzi?

Hadithi ilikuwa ileile. Kofia haikuongezeka uzito hata ratili moja. Padri aliyekufa alisamehewa, mheshimiwa aliye hai akaulizwa maswali, na nadhani hapa ndipo kilipo kisa chote cha maoni juu ya kitabu hiki. Wasomaji wa mwanzo walihukumu tarehe ya kuzaliwa ya mwandishi kuliko walivyohukumu kurasa. Sisi nasi hatujaacha. Mtu akiambiwa kisa hiki ni cha kale, anakiita hazina. Akiambiwa kimeandikwa juzi, anauliza mhariri alikuwa wapi.

*

Maoni ninayoyapenda kuliko yote ni ya Thomas Gray, mshairi, rafiki wa Walpole tangu utotoni. Alimwandikia kutoka Cambridge kwamba kitabu kimewaliza baadhi yao kidogo, na wote kwa jumla sasa wanaogopa kwenda kulala. Mabwana wa chuo kikuu hao. Najua Gray alikuwa na utani, na rafiki hawezi kuwa mhakiki, lakini utani wa aina hiyo huwa na chembe ya kweli: mtu anacheka huku anaangalia mlango.

*

Clara Reeve hakuogopa. Yeye aliandika riwaya yake, The Old English Baron, akikiri kabisa kwamba ni mtoto wa Otranto, kisha katika dibaji ya 1778 akamkosoa mzazi. Mzuka, alisema, anaukubali. Hata upanga na kofia zenye uchawi atazivumilia, mradi kuwe na kiasi. Lakini upanga wa kubebwa na watu mia? Kofia inayotoboa sakafu ya ua mpaka kwenye handaki, mtu akapenya? Picha inayoshuka ukutani na kutembea? Msomaji aliyekuwa ameanza kutetemeka anaishia kucheka.

Walpole alikasirika. Katika barua zake alikidharau kitabu cha Reeve: kina uwezekano mno, hata kesi yoyote ya mauaji katika mahakama ya Old Bailey ingekuwa hadithi tamu zaidi.

Nimewasikiliza wote wawili na naona Reeve ana haki kuhusu upanga, ila kuhusu kofia hapana. Upanga unafika na msafara, unatangazwa, unasubiriwa. Msomaji anapata nafasi ya kuhesabu wabebaji, na mtu anayehesabu haogopi. Kofia haina salamu. Imeshaanguka tayari tunapofika uani, manyoya yake meusi yanatikisika, na Manfred anaikodolea macho kuliko anavyomtazama maiti wa mwanawe. Jicho hilo ndilo linalotisha.

Pengine pa kutisha kweli hakuna muujiza wowote. Isabella anamkimbia Manfred kupitia njia ya chini ya kasri, taa mkononi. Kimya, isipokuwa upepo unaotikisa milango yenye kutu. Anahisi kuna mtu. Anasogea, upepo unampiga mlangoni, taa inazimika. Basi. Binti gizani, na nyuma yake mwanamume mwenye mamlaka aliyeamua. Hollywood inaila sura hiyo mpaka leo.

*

Katika watu ninaobadilishana nao vitabu, wanaolalamika hawalalamikii mizimu. Wanalalamikia watumishi. Diego na Jaquez wameona mguu wa jitu kwenye chumba kimoja cha kasri, wanakuja kumwarifu Manfred, na kila mmoja anamkatiza mwenzake, sentensi haifiki mwisho, bwana mkubwa anapasuka kwa hasira. Mimi hucheka kila mara. Walpole aliwatetea kwa kumtaja Shakespeare na kumshambulia Voltaire, utetezi mrefu kuliko kosa. Lalamiko jingine ni la haki: mazungumzo yote yamesongamana kwenye aya moja bila alama za kunukuu, na usipoangalia unampa Manfred maneno ya mkewe.

*

Walpole alisimulia kwamba alianza na ndoto: kwenye ngazi ya kasri la kale, juu kabisa, mkono mkubwa uliovaa chuma. Jioni akaketi kuandika, na katika muda usiofika miezi miwili akamaliza. Nyumba alimoota ndoto hiyo, Strawberry Hill, siku hizo nje ya London, ipo bado. Dari ya ukumbi wake mrefu, yenye nakshi za kanisa la kale, ni ya karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa, ikapakwa dhahabu. Mtu wa dari hiyo kubuni padri wa Otranto ni jambo la kutarajiwa.

*

Kwa waliokulia kwenye Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kitabu hiki kitawaacha na kiu. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, angeingia uani, akawasha kiko, akauliza kofia imetoka wapi. Otranto hakuna wa kuuliza. Ann Radcliffe, aliyelipwa pauni 500 kwa The Mysteries of Udolpho mwaka 1794, ndiye wa upande wa Msa: kila kishindo kina maelezo mwishoni. Wasomaji wake nao walilalamika, eti maelezo yameharibu hofu.

*

Atakayekitafuta Otranto asome kwanza dibaji ya Marshal, ile ya uongo, na aruke ile ya toleo la pili mpaka amalize. Ni kitabu cha jioni mbili, tatu kama una watoto.